Lenzi iliyofika vipande viwili

Lenzi niliyoisubiri kwa siku 47 ilifika ikiwa vipande viwili. Kisanduku chenyewe hakikuwa na jeraha la kuonekana kwa macho: pembe zake zilikuwa zimenyooka, utepe wake haukuwa umebanduliwa, na juu yake palibandikwa karatasi ya forodha iliyojazwa kwa wino wa buluu na mtu aliyeonekana kuwa na haraka. Nilipokifungua nilikuta kurasa chache za gazeti, na ndani ya kurasa hizo lenzi ya kamera ya zamani, kioo chake cha mbele kikiwa kimepasuka kutoka ukingo hadi ukingo, na pete ya kurekebishia umbali imechomoka na kulala pembeni peke yake.

Nilikuwa nimeitafuta lenzi hiyo kwa zaidi ya mwaka mmoja, kwa kuwa ilitengenezwa kwa kipindi kifupi na zilizobaki katika hali nzuri ni chache. Usiku wa kufungwa kwa mnada wa mtandaoni nilikoipata, nilikaa mbele ya kompyuta nikiwa nimekwisha kujiwekea kiwango cha juu kabisa ambacho sitakivuka, na katika dakika ya mwisho nikakivuka mara mbili, nikashinda. Nauli ya kuleta mzigo, iliyokuwa imeandikwa kwa herufi ndogo chini ya picha, niliisoma vizuri siku iliyofuata.

Tangu wakati huo nimenunua na kuuza vitu vingi kwa njia hiyo hiyo, na nimefikia imani moja ambayo ndiyo kiini cha makala haya. Anayeshinda mnada ulioko nchi nyingine hununua kitu pamoja na safari yake, na safari hiyo haina mtu mmoja anayewajibika nayo kuanzia mlango wa muuzaji hadi mlango wa mnunuzi. Kila anayeupokea mzigo anauwajibikia kwa kipande chake tu cha njia, na madhara yanapotokea, karibu kila mara hutokea mahali ambapo vipande viwili vinaungana.

Mtu anaweza kusema kwamba hali ndiyo hiyo hiyo kwa ununuzi wowote wa kutoka nje, lakini mnada una mambo yake. Duka kubwa linalouza vikombe elfu moja limekwisha kujifunza, kwa kuvunja vikombe vya kwanza, ni sanduku la namna gani linalofaa. Muuzaji wa mnadani mara nyingi ni mtu binafsi anayepunguza vitu vya kabatini, na pengine mzigo wake wa kwenda nje ya nchi ni wa kwanza na wa mwisho maishani mwake. Hajawahi kuona namna mifuko ya posta inavyotupwa kwenye mikanda ya kupangia mizigo, hajui kwamba kisanduku chake kitalaliwa na visanduku vingine vizito, na hana sababu ya kujua. Halafu kuna suala la upekee wa kitu chenyewe. Minada hii ilianza kupata wateja kwa sababu iliwakutanisha watu wawili ambao vinginevyo wasingekutana kamwe: tovuti ambayo leo inaitwa eBay ilifunguliwa na Pierre Omidyar mwezi Septemba 1995 kwa jina la AuctionWeb, na kitu cha kwanza kuuzwa humo kilikuwa kalamu ya mwanga wa leza iliyokwisha kuharibika, ambayo mtu mmoja aliinunua kwa dola 14.83 akijua kwamba ni mbovu. Uzuri wa minada uko hapo, kwamba kitu kisicho na thamani kwa watu wote kinampata mtu wake mmoja, popote alipo. Lakini uzuri huo ndio unaofanya hasara iwe nzito, kwa kuwa kitu cha pekee kikivunjika hakuna kingine ghalani cha kuletwa badala yake. Fedha zangu zingerudishwa zote, nisingekuwa nimerudishiwa lenzi.

Namna dau linavyopandishwa nayo huongeza tatizo. Kila kilichopo kwenye ukurasa wa mnada kinaivuta akili kuelekea tarakimu moja: saa inayohesabu kurudi nyuma, taarifa kwamba umepitwa, kitufe cha kuongeza kidogo tu. Nauli haimo katika mashindano hayo, kodi haimo, wala hatari haimo. Kwa kawaida muuzaji huikadiria nauli kabla hajafunga mzigo, na wakati mwingine hukosea vibaya, kwa sababu kampuni nyingi za usafirishaji wa haraka hutoza kwa uzito wa ujazo pale unapozidi uzito wa mzani. Hesabu yake hufanywa kwa kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha kugawa kwa 5,000. Kivuli cha taa chenye uzito wa kilo 2, kikiwekwa katika sanduku la sentimita 50 kwa 40 kwa 40, kitatozwa kama mzigo wa kilo 16. Muuzaji anayegundua jambo hilo akiwa dirishani, baada ya mnada kufungwa, ana njia tatu: kulipa tofauti kutoka mfukoni mwake, kumwomba mnunuzi aongeze, au kutafuta sanduku dogo zaidi na kupunguza vya kukingia. Nina hakika kwamba vitu vingi vilivyonifikia vimevunjika vilivunjwa na njia hiyo ya tatu.

Mzigo ukishapokelewa dirishani, hufuata ukimya. Tunayo desturi ya kuamini kwamba namba ya ufuatiliaji ni kamba inayotuunganisha na mzigo wetu, na kwa kiasi fulani ni kweli. Namba hiyo, yenye herufi mbili, tarakimu 9, kisha herufi mbili za nchi ulikotoka mzigo, imewekwa kwa kanuni ya Umoja wa Posta Duniani, chombo kilichoasisiwa mjini Bern mwaka 1874 ili barua iliyolipiwa katika nchi moja iweze kufikishwa katika nchi nyingine bila kulipiwa upya mpakani. Hayo yalikuwa mafanikio makubwa, na bado namstaajabia mtu wa kwanza aliyefikiri kwamba yanawezekana. Hata hivyo, mfumo huo unazijumuisha posta 2 zinazopokezana: ya kwanza huandika kwamba mzigo umeondoka, ya pili huandika kwamba umewasili, na katikati yake hakuna mwenye jukumu la kuandika chochote. Lenzi yangu iliandikwa kwamba imeondoka katika ofisi ya ubadilishanaji, yaani ile ambayo posta moja hutumia kuikabidhi nyingine mizigo, na maneno hayo hayo yalibaki kwenye kioo cha simu yangu kwa siku 31. Siku 31 ni muda wa kutosha kwa mtu kulala akiwa na matumaini na kuamka akiwa ameibiwa, kisha kurudia hayo kila siku.

Nilipoamua kuuliza, nilijifunza jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui hadi siku linapowafika. Kwa mizigo ya posta, mkataba ni kati ya posta na mtumaji. Mtumaji ndiye anayefungua maulizo rasmi, ndani ya miezi sita tangu siku ya kutuma, na mzigo ukipotea yeye ndiye mwenye haki ya kudai fidia. Kwa hiyo mimi niliyelipa kila kitu, pamoja na nauli, sikuwa na nafasi yoyote katika shughuli hiyo isipokuwa kumsihi mtu nisiyemjua, aliyekwisha kupokea fedha zake, atenge nusu siku akapange foleni kwa ajili yangu. Wapo wauzaji waungwana wanaofanya hivyo siku hiyo hiyo, na wapo wasiojibu tena. Sikuwahi kubaini mapema nani atakuwa yupi.

Siku nyingine uchelewaji hauna mkosaji wa kumshika. Sehemu kubwa ya barua na vifurushi vya kimataifa husafiri katika tumbo la ndege za abiria, na ndege hizo ziliposimama mwaka 2020 kwa sababu ya janga la korona, mizigo iliyokuwa na kila stempu na kila muhuri ilikaa maghalani kwa miezi. Meli ya Ever Given ilipokwama katika Mfereji wa Suez mwezi Machi 2021, siku sita zilitosha kuchelewesha shehena za mabara kadhaa. Mambo ya namna hii nayakubali. Ninachokilalamikia ni kwamba saa ya madai ya mnunuzi haisimami ndege zinaposimama. Muda wa kulalamika kwenye tovuti una ukomo wake, na kuna wauzaji wanaoujua ukomo huo vizuri kuliko wanunuzi, ambao huomba subira ya wiki moja, kisha ya wiki nyingine, kwa lugha laini, hadi siku ya mwisho ipite.

Forodha inahitaji maelezo marefu zaidi, kwa kuwa ndipo watu wengi huona kwamba wamedhulumiwa hata pale ambapo hakuna aliyewadhulumu. Mnunuzi huamini kwamba atatozwa kodi kwa bei aliyoishinda. Katika nchi nyingi, zikiwemo za Umoja wa Ulaya, thamani inayotozwa hujumuisha bei, nauli na bima. Tuseme mtu ameshinda kitu kwa 100 na nauli ni 40, ushuru ni asilimia 10 na kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 20. Ushuru utahesabiwa juu ya 140, nao ni 14. Kisha kodi ya ongezeko la thamani itahesabiwa juu ya 154, yaani pamoja na ushuru wenyewe, nayo ni 30.80. Mtu aliyedhani amenunua kitu cha 100 anajikuta ametoa 184.80, na hapo bado hajalipa ada ambayo msafirishaji hutoza kwa kazi ya kumlipia kodi hiyo kwa niaba yake. Ada hiyo ndiyo inayoniudhi kupita zote, kwa sababu huwa ya kiwango kimoja bila kujali thamani ya mzigo, na nimewahi kuilipa ikiwa kubwa kuliko kodi iliyoambatana nayo.

Kanuni zenyewe hubadilika mzigo ukiwa njiani. Umoja wa Ulaya uliondoa tarehe 1 Julai 2021 msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani kwa mizigo isiyozidi yuro 22, na tangu siku hiyo hata kitu kidogo cha mnadani kinatakiwa kulipiwa. Marekani, ambayo tangu mwaka 2016 iliruhusu mizigo ya hadi dola 800 iingie bila ushuru, iliufuta msamaha huo kwa nchi zote tarehe 29 Agosti 2025. Katika siku hizo posta za nchi nyingi zilisitisha kupokea vifurushi vya kwenda huko, kwa kuwa hazikuwa na utaratibu wa kukusanya ushuru uliotakiwa kulipwa kabla ya kufika, na Umoja wa Posta Duniani ulieleza kwamba mizigo ya posta ya kuelekea Marekani ilishuka kwa zaidi ya asilimia 80. Nyuma ya asilimia hiyo walikuwapo watu waliokwisha kushinda minada na kulipa, na wauzaji waliokuwa na visanduku vilivyofungwa visivyo na pa kwenda. Wakati huo kisanduku kimoja cha aina hiyo kilikuwa juu ya meza yangu. Mnunuzi wake aliniuliza kila baada ya siku mbili kama kuna habari, na sikuwa nayo. Mwishowe nilimrudishia fedha zake, tukaachana kwa heri, lakini ada ya tovuti ilichukua wiki kadhaa za barua kurudishwa.

Sasa nirudi kwenye karatasi ile ya wino wa buluu. Fomu ndogo ya forodha inayobandikwa juu ya mzigo huitwa CN 22, na mizigo ya thamani kubwa zaidi hutumia CN 23. Ina kisanduku cha kuweka alama kama kilichomo ni zawadi, na mstari wa kuandika thamani. Muuzaji wa lenzi yangu aliweka alama kwenye zawadi na kuandika thamani isiyofikia sehemu ya kumi ya nilicholipa. Sikumwomba afanye hivyo. Nadhani alikusudia kunitendea wema, kwa kuwa wanunuzi wengi huomba upendeleo huo waziwazi, na muuzaji anayekataa huhesabiwa kuwa mgumu. Lakini karatasi hiyo ndiyo iliyoua madai yangu. Msafirishaji alijibu kwamba fidia haiwezi kuzidi thamani iliyotamkwa, na kwamba zaidi ya hapo kitu hakikufungwa ipasavyo. Sikuwa na hoja ya kumjibu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la mzigo wangu lilikuwa limeandikwa uongo na mtu aliyedhani ananisaidia.

Tangu hapo mnunuzi akiniomba nipunguze thamani kwenye fomu, nakataa kwa maneno ya upole na kumweleza sababu. Tamko la uongo ni kosa la kisheria, na anayeweka sahihi ni mimi. Afisa wa forodha anaweza kufungua ukurasa wa mnada ule ule na kuiona bei iliyoshinda, kwa kuwa iko wazi kwa dunia nzima. Na mzigo ukipotea, sote wawili tutakuwa tumekwisha kukiri kwa maandishi kwamba haukuwa na thamani.

Kuna pia vitu ambavyo havifai kuanza safari kabisa, ingawa hakuna kitu kwenye ukurasa wa mnada kinachomzuia mtu wa mbali kupandisha dau. Betri za lithiamu za kuchajiwa zinazotumwa peke yake hazikubaliwi kama shehena katika ndege za abiria tangu mwezi Aprili 2016, kwa sababu ya hatari ya moto, na manukato huhesabiwa miongoni mwa vimiminika vinavyowaka. Wapenzi wa ala za muziki walipata fundisho lao mwezi Januari 2017, pale miti yote ya jamii ya Dalbergia, ukiwemo mpingo wetu unaotengenezewa klarineti, ilipowekwa chini ya usimamizi wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Kwa karibu miaka mitatu klarineti kuukuu iliyouzwa mnadani ilihitaji kibali ili ivuke mpaka kihalali, hadi ala zilizokwisha kukamilika zilipoondolewa katika sharti hilo mwezi Novemba 2019. Naliunga mkono kusudi la mkataba huo kwa moyo wote, kwa kuwa mpingo hukua polepole mno. Nilichojifunza ni kwamba mnada humruhusu mtu kununua kitu ambacho sheria haimruhusu kukipokea, na fedha hutoka kabla ya sheria kuulizwa.

Sikuwa nimeuelewa upande wa muuzaji hadi nilipokuwa muuzaji mimi mwenyewe. Niliuza saa ya mezani kwa mtu wa bara jingine, nikaifunga kwa siku nzima, sanduku ndani ya sanduku, nikatamka thamani yake halisi. Mnunuzi alipoona kiasi cha kodi alichotakiwa kulipa, aliamua kutokwenda kuuchukua mzigo. Ulikaa ghalani mwa forodha hadi muda ukaisha, ukarudishwa kwangu baada ya miezi minne, na nikatakiwa kulipia nauli ya kurudi. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wauzaji wengi huandika kwamba hawatumi nje ya nchi. Zamani niliyaona maneno hayo kuwa ya uvivu au ya ubaguzi, na sasa naona kwamba mara nyingi yameandikwa na mtu aliyeumizwa mara moja. Hasara yake ni kubwa kwa sisi tunaokusanya vitu vya pekee, kwa sababu kila muuzaji anayejifungia ndani ya mipaka yake huchukua pamoja naye kitu ambacho mtu wake wa pekee huenda yuko ng'ambo.

Kuhusu utapeli nitasema machache, ingawa ndio unaotajwa sana. Ulionishtua ni ule wa mtu anayetuma bahasha isiyo na kitu kwa anwani nyingine katika mji ule ule wa mnunuzi, ili namba ya ufuatiliaji ioneshe kwamba mzigo umefikishwa katika mji sahihi, na madai ya mnunuzi yakataliwe na mfumo unaosoma neno hilo moja tu. Dawa yake ni kuiomba posta ya mahali hapo uthibitisho wa maandishi kwamba anwani iliyofikishiwa haikuwa ya mnunuzi, na kufanya hivyo mapema. Wanaotumia mawakala wa kupokea mizigo katika nchi ya muuzaji na kuisafirisha upya nao wajue kwamba ulinzi wa tovuti za mnada kwa kawaida huishia mlangoni mwa wakala. Kinachovunjika baada ya hapo ni chao.

Siku hizi naanza hesabu kutoka mwisho. Najiuliza kitu hiki kina thamani gani kwangu kikiwa mkononi mwangu kizima, naondoa nauli, naondoa kodi iliyohesabiwa juu ya nauli, naondoa ada ya msafirishaji, naondoa sehemu kwa ajili ya uwezekano kwamba hakitafika, na kinachobaki ndicho dau langu. Mara nyingi kinachobaki ni kidogo kiasi kwamba siingii mnadani kabisa. Na kabla ya kuingia namwandikia muuzaji ujumbe mmoja: ndugu, je, una sanduku la ukubwa gani, na utakizungushia nini? Ninapouza, mimi ndiye ninayepeleka picha za ufungaji bila kuombwa, pamoja na picha ya fomu ya forodha kabla sijaikabidhi.

Miezi michache iliyopita lenzi kama ile ilitokea tena mnadani, picha zake zikiwa safi na kioo chake kikiwa hakina hata mkwaruzo. Nilituma swali langu la sanduku siku tano kabla ya kufungwa. Dau lilipanda taratibu, kisha kwa kasi, likabaki chini ya kiwango changu hadi sekunde ya mwisho, na mtu mwingine akaichukua. Jibu la muuzaji liliingia asubuhi yake: alikuwa safarini, aliniomba radhi kwa kuchelewa, na sanduku analo, la mbao, ambalo baba yake alilitengeneza kwa ajili ya lenzi hiyo.